Chungu ya Mawe Mpakani

Somo: Mwanzo 31:43–55

Ninasema nanyi kutoka Keumbu, kando ya barabara itokayo mjini Kisii kwenda Keroka. Ukiendelea na barabara hiyo, ukapita Keroka, ukaingia nchi ya Borabu yenye mashamba mapana na umande mwingi wa asubuhi, utafika katika soko liitwalo Chepilat. Wengine huliandika Chebilat. Soko hilo li mpakani hasa. Upande mmoja ni Borabu, Kaunti ya Nyamira, wakaako Wakisii. Upande wa pili ni Sotik, Kaunti ya Bomet, wakaako Wakipsigis. Mtu akipanda matatu hapa kwetu baada ya chai ya asubuhi, hufika huko kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo nikizungumza leo juu ya mpaka unaogombaniwa, na juu ya watu wanaosimama katikati ya wanaopigana, kwangu mimi hizo si habari za magazeti tu. Hata hivyo nitawachukua mbali kidogo, kisha tutarudi nyumbani.

Kwanza somo letu. Ikiwa una Biblia karibu, funua Mwanzo sura ya 31. Na wewe uliye jikoni na mikono ina unga, sikiliza tu, nitakusimulia.

Yakobo alikuwa amemtumikia Labani, baba mkwe wake, miaka 20. Siku moja akatoroka na wake zake, watoto wake na wanyama wake, bila kuaga. Labani akamfuatia mwendo wa siku 7, akampata katika milima ya Gileadi. Sasa angalieni mashtaka yao. Labani adai kwamba wake wale ni binti zake, watoto ni wake, hata mbuzi na kondoo ni wake, na kwamba ametorokwa kama mtu aliyeibiwa. Yakobo naye atoa yake: jua lilimchoma mchana, baridi ikamtesa usiku, na mshahara wake ulibadilishwa mara 10. Kila mmoja ana haki kiasi, na kila mmoja amemdanganya mwenzake kiasi. Tena kuna ile miungu ya nyumba ya Labani iliyoibwa. Raheli ameificha na kuikalia, wala mumewe hajui. Mimi kila nikisoma sura hii huona kama nimekaa katika baraza la chifu, nikisikiliza kesi ya shamba.

Je, walikata shauri nani mwenye haki? Hawakukata. Walikusanya mawe, wakafanya chungu, wakala chakula hapo karibu na chungu ile. Wakaapa kwamba hakuna atakayeivuka kumwendea mwenzake kwa nia ya kumdhuru. Hata jina la mahali hapo hawakupatana. Labani alilitaja kwa lugha yake, na Yakobo akaliita Galedi kwa lugha yake. Pakaitwa pia Mispa, kwa sababu waliomba Mungu aangalie kati yao watakapokuwa hawaonani.

Wako Wakristo wanaoyatumia maneno hayo ya Mispa kama baraka ya kuagana, wakishikana mikono kwa upendo. Siwalaumu. Lakini yalipotamkwa mara ya kwanza hayakuwa maneno ya upendo. Ni maneno ya watu wawili ambao kila mmoja alijua kwamba akimpa mwenzake kisogo, huenda akapata hasara. Yale yalikuwa mapatano ya kusimamisha vita mpakani, na shahidi wa mapatano hayo ni Mungu na lile lundo la mawe. Biblia haikuona haya kutuandikia mapatano madogo kama hayo. Mtu asiseme kwamba kusimamisha vita si kitu kwa sababu bado mioyo haijapatana. Siku ile katika milima ya Gileadi watoto walilala usingizi, na kondoo hawakuchinjwa kwa kisasi.

Hata hivyo nauliza: chungu ya mawe hukaa muda gani? Na yule anayewekwa kuilinda, ataondoka lini, na akiondoka kutakuwa na nini?

Twendeni kwanza mahali ambapo vijana wetu wa Kenya walitumwa kulinda chungu ya mawe ya watu wengine. Mwezi wa Mei 1998 nchi za Ethiopia na Eritrea zilianza kupigana kwa sababu ya mpaka, na vita vilianzia katika mji mdogo uitwao Badme. Ni mji ambao wengi wetu hatukuwa tumewahi kusikia jina lake. Kwa miaka miwili makumi ya maelfu ya watu walikufa, wengi wao vijana waliochimba mahandaki na kufia humo. Mwezi wa Juni 2000 wakakubali kusimamisha vita, na tarehe 12 Desemba mwaka huo wakatia sahihi mapatano kamili mjini Algiers.

Umoja wa Mataifa ukaweka jeshi la kulinda amani, askari wasiozidi 4,200. Likatengwa eneo lenye upana wa kilomita 25, ndani ya Eritrea, ambamo majeshi ya pande mbili hayakuruhusiwa kuingia. Kati ya waliotumwa walikuwamo Wahindi, Wajordani na Wakenya, na Wakenya walipewa upande wa mashariki, kuelekea Assab, ambako joto halina huruma. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye wakati huo alikuwa askari, aliniambia kwamba wafugaji wa Kiafar walikuwa wakipita na mbuzi na ngamia zao, na walipofika kwake hawakuuliza mpaka uko wapi. Waliuliza maji yako wapi. Waafar wanaishi pande zote mbili, na huko nyuma hakuna aliyewaambia kwamba kisima cha shangazi yao kiko nchi ya kigeni.

Sasa tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Walinzi walikuwapo, bunduki zikanyamaza. Ikaundwa tume ya mpaka, nayo tarehe 13 Aprili 2002 ikatoa hukumu yake, na kwa hukumu hiyo Badme ikawa ya Eritrea. Pande zote mbili zilikuwa zimeahidi mapema kwamba hukumu itakuwa ya mwisho. Lakini Ethiopia ilipoona Badme imekwenda, ikasita, ikataka mazungumzo zaidi. Eritrea ikakasirika, ikasema hakuna la kuzungumza, hukumu ni hukumu. Na hasira yake ikawaangukia walinzi. Mwaka 2005 iliwakataza kurusha helikopta zao. Baadaye ikawanyima mafuta ya magari. Mlinzi asiyeweza kuruka wala kuendesha gari, ataangalia nini? Tume ya mpaka nayo, iliposhindwa kuweka nguzo ardhini, iliuchora mpaka kwa hesabu za ramani mwaka 2007, ikafunga kazi. Walinzi waliondoka, na tarehe 31 Julai 2008 kazi yao ikamalizika rasmi.

Miaka 8 hivi walisimama pale. Ni miaka mingi. Mtoto aliyezaliwa walipofika alikuwa darasani walipoondoka. Ile miaka ndiyo iliyokuwa zawadi, na viongozi wakaitumia kubishana.

Likafuata jambo la furaha ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Abiy Ahmed wa Ethiopia alikwenda Asmara akakumbatiana na Rais Isaias Afwerki, na tarehe 9 Julai wakatangaza kwamba vita vimekwisha. Simu zilipofunguliwa watu walipiga namba zozote upande wa pili, wakasalimiana na watu wasiowajua, wakilia. Mwezi wa Septemba milango ya mpaka ikafunguliwa. Mwaka uliofuata Abiy akapewa nishani ya amani ya Nobel. Lakini hata kabla nishani hiyo haijatolewa, milango ile ilikuwa imekwisha kufungwa tena, mmoja mmoja. Na mwezi wa Novemba 2020 vita vikawaka katika Tigray, jimbo lile lile la mpakani, na askari wa Eritrea wakaingia humo. Mapatano yaliyosimamisha vita hivyo yalitiwa sahihi Pretoria tarehe 2 Novemba 2022, na Rais wetu wa zamani Uhuru Kenyatta alikuwa mmoja wa wapatanishi. Kisha makamanda wakaja Nairobi kupanga jinsi ya kuweka silaha chini. Tumshukuru Mungu. Lakini Eritrea haikuwapo mezani, na tangu mwaka 2023 tumesikia tena maneno makali juu ya bandari ya Assab, kule kule alikosimama yule jirani yetu.

Nimesimulia haya kwa urefu kwa sababu nyumbani kwetu tumekuwa na habari inayofanana nayo, ila yetu haina kofia za buluu.

Wazee wa Kisii husimulia vita vya Saosao, mwishoni mwa karne ya 19, ambapo Wakipsigis wengi walikufa. Nilipokuwa mtoto nilisimuliwa kwa majivuno makubwa, na mimi nikawasimulia wengine kwa majivuno hayo hayo. Nimeacha. Ukikaa na mzee wa Kikipsigis ukamsikiliza, utajua kwamba habari hiyo hiyo kwao ni ya kilio.

Waingereza walipotawala, waliona makabila haya mawili yanazozana, wakatia mashamba ya walowezi wa Kizungu katikati, kule Sotik. Yakawa kama ukuta kati ya jirani na jirani. Angalieni jinsi jambo hilo linavyofanana na zile kilomita 25 za Eritrea, isipokuwa kwamba hapa mlinzi alijipa ardhi ya wanaolindwa. Wakisii walipoteza malisho, na Wakipsigis walipoteza malisho. Kwa karibu miaka 60 tuliishi tukitazamana juu ya ng'ombe wa Mzungu. Ulipokuja uhuru, walowezi wakauza, serikali ikagawa mashamba. Katika miaka ya 1960 watu wetu wakapata Borabu, na Wakipsigis wakapata upande wao. Ukuta ukaondoka kwa siku moja, tukajikuta ua kwa ua. Hakuna aliyetufundisha kukaa pamoja, wala sisi wenyewe hatukuuliza.

Mwaka 1992 moto uliwaka mpakani. Tena mwaka 2008, baada ya ule uchaguzi wa Desemba 2007, ukawaka kuliko kwanza. Mbunge wa Ainamoi alipouawa Eldoret tarehe 31 Januari 2008, habari zilifika mpakani kwetu kwa simu, na watu hawakuuliza aliyefanya ni nani. Waliuliza ni wa kabila gani. Siku zilizofuata pale Chepilat maduka na nyumba ziliteketezwa, vijana wakasimama pande mbili za soko na pinde na mishale na mapanga, na polisi katikati. Katika Kenya nzima, tume iliyochunguza ghasia zile ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Tarehe 28 Februari, Kofi Annan akiwa shahidi, viongozi wakubwa walitia sahihi mapatano mjini Nairobi. Nakumbuka jioni ile hapa kwetu. Watu walitoka nje wakasimama tu, kama watu waliotoka hospitalini.

Sasa nina jambo langu la kuwaambia, na sijawahi kulisema redioni.

Katika Februari hiyo nilikuwa kijana, mwanafunzi wa chuo cha theolojia, narudi nyumbani kwa matatu. Kando yangu alikaa mzee mwenye koti zito, ameshika mfuko wa dawa. Hatukuzungumza. Mahali fulani njiani, sitapataja, vijana walikuwa wameweka mawe barabarani. Waliingia wakawataka abiria wote wasalimu kwa Kikisii. Mimi nikaitikia salamu upesi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Walipomfikia mzee, akajibu kwa Kiswahili. Wakamwambia ashuke. Yeye akanitazama. Sijui alikuwa anataka nini kwangu. Labda alitaka nimwite mjomba. Mimi nikatazama viatu vyangu. Katika begi langu kulikuwa na Agano Jipya na kazi niliyotakiwa kuandika juu ya Msamaria mwema.

Mzee akashuka. Dereva akaambiwa aende. Nikageuka nikatazama kwa dirisha la nyuma, nikaona mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara ameacha kapu lake. Alikuja akasimama kati ya mzee na wale vijana. Hakupiga kelele. Nilimsikia akianza kuwauliza, mmoja mmoja, wewe ni mtoto wa nani, mama yako anaitwa nani. Yule wa mbele aliinamisha panga. Kisha barabara ikapinda, sikuona tena. Sikushuka. Mpaka leo sijui yule mzee alifika wapi.

Ndugu zangu, mlinzi wa amani wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu alivaa leso na viatu vya plastiki. Hakuleta upatanisho kati ya Wakisii na Wakipsigis. Alinunua dakika chache, na huenda mzee akaokoka katika hizo dakika. Gari la polisi likikaa mpakani hununua wiki chache. Jeshi la Umoja wa Mataifa lilinunua miaka 8. Tusiwadharau wanaonunua muda. Lakini muda ukishanunuliwa hautoshi kwa kuangaliwa tu, kama mtu aliyenunua mbegu akaziacha darini.

Basi nimeulizwa mara nyingi: Je, amani ya mpaka wetu itadumu? Nitasema ninavyoona. Vita kama vile vya 2008 havijarudi, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu kila asubuhi. Lakini bado kuna cheche, na cheche yetu si siasa tu, ni ng'ombe.

Huwa hivi. Ng'ombe anaibwa usiku Borabu, au Sotik. Alfajiri mwenyewe anafuata nyayo, nazo zinashuka mtoni, zinavuka mpaka. Anapiga yowe. Vijana wanakusanyika. Kufikia saa tatu ng'ombe mmoja amekuwa ng'ombe 10 katika simu za watu. Kufikia saa tano kuna habari kwamba mtu amekatwa, ingawa hakuna aliyemwona. Kufikia adhuhuri maduka yamefungwa, na akina mama wanapakia magodoro. Wala ng'ombe yule hajafika mbali. Yuko kichakani, akingojea giza. Na wezi wenyewe ni nani? Mara nyingi ni Mkisii mmoja na Mkipsigis mmoja, wanaoaminiana kabisa. Naona haya kusema kwamba wezi wamepita makanisa yetu katika kushirikiana bila kubagua kabila.

Mahali ambapo jambo hili limezuiwa, limezuiwa katika zile saa za kwanza, kabla ya saa tatu. Limezuiwa kwa sababu mzee wa upande huu alikuwa na namba ya simu ya mzee wa upande ule, akampigia, akaamini anachoambiwa. Baada ya mapatano ya 2008 kamati za amani ziliundwa katika wilaya zote, na nyingine zimefanya kazi nzuri, nyingine zimekufa zikabaki katika karatasi za posho. Kamati inayoishi utaijua kwa jambo moja: wanachama wake hupigiana simu hata siku ambayo hakuna ng'ombe aliyeibwa. Nao polisi wa kuzuia wizi wa mifugo tunawahitaji. Lakini polisi huhamishwa, na afisa aliyewajua wazee wote kwa majina mwezi huu yuko pwani, na mgeni anaanza upya.

Narudi kwa Labani na Yakobo. Kuna jambo katika habari yao ambalo linanisumbua. Walipokwisha kula, asubuhi Labani aliwabusu watoto wake, akarudi kwake, na Yakobo akashika njia yake. Biblia haisemi kwamba walionana tena. Chungu ile iliwatosha kwa sababu waliachana. Lakini sisi tutaachana twende wapi? Mimi kuhama Keumbu, ambako mashamba yamekatwa mpaka mtu akitupa jembe linaangukia kwa jirani? Mkipsigis wa Sotik ahame aende wapi? Mto ni mmoja, barabara ni moja, na soko la Chepilat likifungwa, ndizi zetu zinaoza na maziwa yao yanamwagika. Ndiyo maana ule mstari wa Waefeso 2:14, juu ya kiambaza kilichobomolewa, sisi wa mpakani tunausoma tofauti na watu wa mbali. Kiambaza chetu kilibomolewa na serikali katika miaka ya 1960 kwa hati za mashamba, na baada ya kubomolewa tulipigana. Mtume Paulo hasemi tu kwamba kiambaza kiliondoka. Asema Kristo aliuua uadui katika mwili wake mwenyewe. Kuna mtu aliyelipa. Yule mama wa ndizi alikuwa tayari kulipa. Mimi sikuwa tayari.

Tena tusijidanganye kwamba mpaka ni wa makabila tu. Kisii na Nyamira, sisi kwa sisi, lugha moja, tumezozana juu ya mji wa Keroka, ni kaunti ipi itoze kodi sokoni. Na katika nyumba nyingi hapa ndugu wawili wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya mistari mitatu ya chai. Nimepima mistari hiyo kwa miguu yangu nikiwa nimevaa kola. Mwaka mmoja nilisimama kati ya ndugu wawili hivyo, mvua ikinyesha, tukaweka jiwe mahali walipokubaliana. Nikawaambia, sasa tuingie ndani tule. Yule mkubwa akasema, kasisi, jiwe limetosha. Nikasisitiza. Tulikula viazi vitamu kimya kimya, na mke wa yule mdogo akacheka kwa jambo fulani la paka, na hapo ndipo ndugu wale walipotazamana kwa mara ya kwanza. Siku hiyo nilielewa kwa nini sura ya 31 inataja chakula mara mbili, kabla ya kiapo na baada yake.

Sisi Waanglikana hapa Gusii ni wachache. Waadventista, Wakatoliki na Walutheri wametuzidi kwa mbali. Hata hivyo miaka michache iliyopita baadhi yetu wachungaji wa madhehebu mbalimbali tulianza kuvuka kwenda kusali na ndugu zetu wa upande wa Sotik, wengi wao wa Africa Gospel Church. Mara ya kwanza tulikaa kama wakwe wanaojadili mahari. Wakatuletea mursik, yale maziwa yao ya kibuyu yenye mkaa. Nilikuwa sijawahi kuyaonja maisha yangu yote, na mimi nimezaliwa mwendo wa saa moja kutoka hapo! Nikanywa. Mzee aliyekaa mbele yangu alinitazama mpaka nikamaliza kikombe, kisha akasema kwamba mwaka 2008 nyumba yake iliteketezwa na watu waliotoka upande wetu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwambia mgeni mahali choo kilipo, ili ajue nyumba aliyoingia. Nikaweka kikombe chini, nikamsimulia juu ya matatu. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama yule mzee alikuwa na fimbo. Nikasema sikumbuki. Akasema kwamba kwao mzee wa umri huo hawezi kusafiri bila fimbo, kwa hiyo labda iliachwa ndani ya gari. Ni kweli, huenda iliachwa. Huenda nilikuwa nimeikanyaga.

Namba yake ninayo. Ananipigia siku za Jumamosi, mimi namwambia Chamgei, yeye ananiambia Bwakire, hata kama ni jioni, na tunacheka. Ng'ombe wake mmoja aliibwa kabla ya Krismasi. Alinipigia kabla hajapiga yowe. Sikuwa na uwezo wa kufanya mengi. Nilimpigia mchungaji mmoja Borabu, naye akamwamsha chifu. Ng'ombe alipatikana saa mbili asubuhi, amefungwa katika shamba la mahindi. Hakuna gazeti lililoandika.

Tuombe.

Bwana Mungu, uliyeangalia kati ya Labani na Yakobo walipokuwa hawaaminiani, uwaangalie usiku huu polisi walio kazini kati ya Borabu na Sotik, wenye baridi na usingizi. Uwakumbuke Waafar na Watigray na watu wote wa mpaka wa Ethiopia na Eritrea, ambao vijana wetu waliwalinda kwa muda. Umkumbuke yule mama wa ndizi, popote alipo, wewe wamjua jina. Na yule mzee mwenye koti, Bwana, ikiwa yu hai, umrudishie fimbo yake. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.